Skana inasikia ndege za KIA, mbona redio za AM zinakwaruza?

*"Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi pembezoni mwa Moshi. Mwanangu aliyeko Marekani amenitumia redio ya skana ya mkononi, inayoanzia kilohezi 100 hadi kupita megahezi 1,300. Ndege zinazotua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nazisikia safi, na kwenye kioo pameandikwa AM. Lakini nikienda kwenye AM ya redio za kawaida kutafuta 612, ambayo nimeizoea miaka mingi, napata mikwaruzo. Nikizungusha, namba zinaruka 600, 610, 620. Mchana sauti ni ndogo mno, usiku inapanda na kuzama, na jioni taa zikishawashwa ndani ndiyo basi tena. Nilifunga waya wa mita 20 kwenye antena nikaulaza juu ya bati, mambo yakaharibika zaidi: redio za FM za mjini zikawa zinasikika kila mahali. Duka moja limenishauri ninunue antena ndefu ya mpira, jingine kifaa cha kukuza mawimbi. Ninunue kipi?"*

Shikamoo Mwalimu. Kwa leo usinunue chochote. Nikikuelewa vizuri, unaogopa kwamba umeletewa mashine mbovu, au kwamba mashine ni nzima ila haina nguvu ya kutosha. Mbovu si mbovu, hao marubani wa KIA ni mashahidi wako. Na nguvu haikosi. Umekutwa na matatizo kadhaa kwa pamoja, na kwa kuwa yote yanatoka kwenye spika ileile yakiwa mkwaruzo, yameonekana kuwa tatizo moja. Nitayatenganisha.

Neno AM kwenye kioo chako lina kazi mbili, na hapo wengi hupotea. AM ni namna ya kupakia sauti kwenye wimbi, yaani nguvu ya wimbi hupanda na kushuka kufuata sauti. Marubani huitumia kati ya megahezi 118 na 137. Redio za zamani za masafa ya kati nazo huitumia, lakini zenyewe ziko chini kabisa, kati ya kilohezi 531 na 1,602. Upakiaji ni mmoja, safari ni mbili zisizofanana hata kidogo. Zipo skana nyingi, nzuri na za bei kubwa, zinazoanzia megahezi 25. Hizo zina kitufe cha AM na bado haziwezi kabisa kupokea redio ya AM ya kawaida. Yako inaanzia kilohezi 100, kwa hiyo mlango upo. Kilichobaki ni kuufungua vizuri.

Sasa tazama ile antena ya mpira. Wimbi la ndege lina urefu wa kama mita mbili na nusu, na robo yake ni sentimita sitini na kitu. Kijiti cha mpira cha kiganja kimoja, chenye waya uliosokotwa ndani, kinaweza kuliheshimu wimbi la namna hiyo. Wimbi la kilohezi 612 lina urefu wa mita 490. Robo yake ni zaidi ya mita 120, marefu kuliko uwanja wa mpira. Mbele ya wimbi hilo, kijiti cha sentimita 17 na cha sentimita 40 ni sawa tu. Ndiyo maana nakuomba usinunue antena ndefu ya mpira. Ni nzuri kwa kazi zake, ila hii si mojawapo.

Jambo la pili ni dogo, na ninashuku litakupa raha leoleo. Namba zako zinaruka kwa kumi kumi kwa sababu mashine imepangwa kwa soko la Marekani, ambako stesheni za AM zimeachana kwa kilohezi 10. Huku kwetu, pamoja na Ulaya na Asia, tunafuata mpango uliokubaliwa Geneva mwaka 1975 na kuanza kutumika Novemba 1978: stesheni zimeachana kwa kilohezi 9. Kwa hiyo ukisimama 610 umesimama kilohezi mbili kando ya stesheni yako, na umemsogelea jirani wa 603. Masafa kama 585 ndiyo yanaonewa zaidi, maana yako katikati kabisa ya 580 na 590. Ngazi hizi mbili hukutana kila baada ya 90 tu: 540, 630, 720 na kuendelea. Ukiona baadhi ya stesheni ni safi na nyingine zimepindapinda sauti, mara nyingi sababu ni hiyo. Ingia kwenye menyu, tafuta hatua ya kutafutia masafa, weka 9. Wewe ni mwalimu, utapenda hili: kila stesheni halali ya masafa ya kati huku kwetu inagawanyika kwa 9, kwa hiyo ukijumlisha tarakimu zake unapata 9 au 18, isipokuwa 999 peke yake inayotoa 27. Sita na moja na mbili ni tisa. Ukiona namba isiyotii, umeteleza.

Ukiwa humohumo kwenye menyu, fungua skwelchi mpaka mwisho. Skwelchi ni ule mlango unaonyamazisha mashine mpaka mawimbi yawe na nguvu ya kutosha. Kwa ndege ni msaada mkubwa, kwa redio ya mbali ni adui, kwani hukata maneno katikati.

Na kabla ya kuilaumu mashine, azima redio ya kawaida ya jirani uhakikishe stesheni ipo hewani saa hiyo. 612 nimeijua miaka mingi kama masafa ya Idhaa ya Taifa ya KBC, shirika la utangazaji la Kenya, kutoka Ngong karibu na Nairobi, lakini siku hizi mashirika mengi ya utangazaji yamehamia FM na mitambo ya masafa ya kati hupumzishwa, hufanyiwa matengenezo, au huzimwa moja kwa moja. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima na stesheni ambayo haipo.

Tuje kwenye ile sauti ya usiku inayopanda na kuzama. Hiyo si hitilafu, na hakuna kifaa cha dukani kitakachoiondoa. Kutoka Ngong hadi kwako ni kama kilomita 230 kwa mstari ulionyooka. Mchana wimbi linakufikia kwa njia moja tu, likitambaa juu ya ardhi, na ardhi kavu hulinyonya kadiri linavyokwenda. Ndiyo maana mchana ni hafifu. Ndugu zetu wa Tanga, Mombasa na Unguja wana bahati hapa, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha wimbi la aina hii vizuri sana kuliko udongo, na stesheni iliyoko ng'ambo ya bahari huwafikia ikiwa na nguvu ambayo sisi wa bara hatuipati kwa umbali uleule. Wimbi jingine hupanda juu angani, lakini mchana jua huamsha tabaka la chini la anga, kilomita sitini hadi tisini juu yetu, na tabaka hilo hulimeza. Jua likizama, mnamo saa kumi na mbili na nusu, tabaka hilo hupotea. Wimbi la juu sasa hufika kwenye tabaka za juu zaidi na kurudishwa chini. Hapo unaanza kusikia Kiarabu na lugha nyingine za mbali, na 612 yako inakufikia kwa njia mbili, ile ya ardhini na ile ya angani. Zikifika zimeenda sambamba, sauti inajaa. Zikifika zinapingana, moja inaifuta nyingine, sauti inazama na kupinda. Kwa kuwa anga haitulii, mchezo huo hubadilika kila baada ya sekunde au dakika chache. Umbali wako kutoka Ngong ni palepale ambapo mawimbi haya mawili yanaweza kukaribiana nguvu, kwa hiyo umekaa kwenye kiti kibaya cha ukumbi. Ajabu ni kwamba stesheni iliyo mbali zaidi, inayofika kwa njia ya angani peke yake, inaweza kutulia kuliko hii ya karibu.

Msimu wa mvua utasikia pia mipasuko mikali, pa, pa, pa, hata kama kwako hakuna wingu. Hiyo ni radi ya mbali. Mashariki mwa Kongo, karibu na Kabare, ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na usiku mawimbi ya radi husafiri kwa njia zilezile za angani kama redio. Hilo nalo halina dawa zaidi ya kusubiri.

Lenye dawa ni lile la taa za jioni, na hapa ndipo penye faida yako kubwa. Chaja za simu, taa za LED za bei nafuu, king'amuzi, inverta, kidhibiti cha chaji ya sola, vyote hivi hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato unamwaga uchafu kwenye masafa ya kati. Nyaya za nyumba zinaubeba hadi kila chumba. Mchukulie bibi anayesimulia hadithi pembeni ya ukumbi wa harusi ngoma zikiwa zimepamba moto. Ukimwekea kipaza sauti katikati ya ukumbi, utamkuza bibi na ngoma pamoja. Kifaa cha kukuza mawimbi ulichoshauriwa ndicho kipaza sauti hicho. Kwenye masafa haya mashine yako ina uwezo wa kutosha wa kukuza. Inachokosa ni tofauti kati ya bibi na ngoma.

Fanya jaribio hili kesho jioni. Weka betri zilizojaa, maana skana ikiwa kwenye chaja inakuwa imejifunga yenyewe kwenye chanzo cha kelele. Shika stesheni hafifu, kisha zima swichi kuu ya umeme wa nyumba. Kama mkwaruzo umeshuka, mwizi yumo ndani. Washa swichi kuu ukiwa umechomoa kila kitu, halafu rudisha kimoja kimoja, taa kwa taa, chaja kwa chaja. Utamkamata. Niliwahi kufungua redio ya mteja jioni nzima nikitafuta ubovu, kumbe ni chaja yangu mwenyewe iliyokuwa juu ya meza. Tangu siku hiyo sigusi bisibisi kabla ya kuzima swichi kuu. Kama mwizi ni taa, badilisha taa hiyo. Baada ya hapo toka nje, hatua ishirini au thelathini kutoka kwenye nyumba, ukae migombani usikilize. Bati la paa na nondo za zege huzuia wimbi lisiingie ndani, huku nyaya zikikuletea kelele hukohuko ndani. Wengi hupata badiliko kubwa zaidi kwa hatua hizo thelathini kuliko kwa kifaa chochote.

Sasa waya wako wa mita 20. Wazo halikuwa baya, mahali ndipo palipokosewa. Waya uliolala juu ya bati umelala juu ya sahani kubwa ya chuma, na wimbi lililokuwa lako linaishia kwenye bati. Wakati huohuo uko jirani na nyaya za umeme za darini, kwa hiyo unazoa kelele zao. Na zile FM zilizotapakaa kila mahali? Mlango wa mbele wa skana umetengenezwa uwe mpana, upokee kila kitu kuanzia chini hadi juu, tena umezoea kijiti cha mpira kinacholeta kidogo kidogo. Ukiuingizia mita 20 za waya karibu na mitambo ya FM ya mjini unaufurikisha. Ukifurika, stesheni zinachanganyikana ndani ya mashine yenyewe na kuzaa vivuli kwenye masafa ambayo hazipo. Dalili yake ni stesheni moja kujitokeza mahali pengi. Ukitaka kuurudia waya, utundike kutoka kwenye mti hadi mti, mbali na nyumba, tumia mita tano hadi kumi tu, na washa kipunguza mawimbi kama skana yako inacho. Usiupitishe kabisa juu, chini au kando ya nyaya za umeme.

Lakini mimi nisingeanza na waya. Angalia kwanza kama skana yako ina kijiti cha feraiti ndani. Zipo zinazokuja nacho, Icom IC-R6 kwa mfano. Feraiti ni kile kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba ulichokiona kila redio ya zamani ilipofunguliwa. Hushika upande wa sumaku wa wimbi, na kina macho: husikia vizuri kinacholetwa ubavuni, na karibu hakisikii kitu kinacholetwa kwenye ncha. Kama mashine yako inacho, menyu itakuwa na sehemu ya kuchagua antena ya ndani au ya nje kwa bendi ya AM. Chagua ya ndani. Halafu ishike wima uizungushe taratibu mduara mzima, kisha ilaze kwa ubavu urudie, mpaka ujue imelala vipi ndani. Ngong iko kaskazini kwako, kushoto kidogo mwa Kibo. Kijiti kikilala kuelekea mashariki na magharibi, ndipo kinaitazama. Na kama kelele inatoka upande wa nyumba ya jirani, mara nyingine ni bora kuielekeza ncha kwenye kelele hata kama stesheni itapungua kidogo. Sauti ndogo iliyo safi inasikika.

Kasoro ya kijiti cha ndani ya skana ni ufupi wake. Ni cha sentimita chache tu, wakati redio nzuri ya mezani ina cha sentimita kumi na kuendelea. Hapo ndipo kinapoingia kifaa ninachokipenda kuliko vyote, na kinatengenezwa nyumbani: fremu ya koili. Chukua vipande viwili vya mbao uvifunge msalaba, ili pembe nne zifanye mraba wa sentimita 60 kila upande. Zungushia waya wenye ganda mara 13, ukiacha nusu sentimita kati ya mzunguko na mzunguko. Utatumia kama mita 31 na nusu. Nenda kwa fundi redio yeyote wa zamani, umwombe kapasita ya kuzungusha kutoka kwenye redio iliyokufa, ile ya kutafutia stesheni, yenye kufika kama pikofaradi 365. Unganisha ncha mbili za waya kwenye miguu yake miwili. Basi. Hakuna betri, hakuna umeme, hakuna waya unaokwenda kwenye skana. Ikishindwa kufika chini karibu na 531, ongeza mzunguko mmoja. Ikishindwa kufika juu, punguza mmoja.

Weka skana katikati ya fremu au kando yake, kijiti chake cha ndani kikiwa kimeelekea kama mhimili wa koili, yaani kinapenya uwazi wa fremu. Shika stesheni, kisha zungusha kapasita polepole sana. Patafika mahali sauti inafumuka ghafla. Hapo koili na stesheni vimekubaliana, na fremu inakusanya wimbi kwenye eneo kubwa na kulimwaga kwenye kijiti kidogo. Tofauti na kile kifaa cha kukuza, hii inachagua: inanyanyua masafa uliyoyataka na kuziacha FM za mjini nje. Nayo ina macho. Ukingo wake uelekee kaskazini na kusini, ndipo Ngong inaingia. Kama skana yako haina feraiti, zungushia fremu mzunguko mmoja wa waya wa pembeni, usiogusa ule mwingine, ukaupeleka kwenye tundu la antena kwa adapta inayofaa.

Hata hivyo, sitakuficha jambo. Ukifanya yote haya, redio ya kawaida ya betri yenye kijiti kirefu cha feraiti bado inaweza kuishinda skana yako kwenye 612, tena kwa bei ndogo. Skana hutumia kichujio kipana kwa AM, kinachowafaa marubani, kwa hiyo jirani aliye kilohezi 9 kando huvujia ndani. Ukisikia filimbi nyembamba isiyokoma, ndiye huyo. Sogea kilohezi moja au mbili upande wa pili wa jirani huyo, itapungua. Kama unachotaka ni habari za saa mbili usiku tu, nunua redio ya kawaida. Kama unapenda kuwinda mawimbi, na barua yako inanionyesha unapenda, jenga fremu.

Mambo mawili yanahitaji mtu wa kuja. Ukizima swichi kuu na mvumo mzito bado upo, halafu unazidi ukisogelea nguzo fulani ya umeme, kuna kikombe cha kushikilia waya kilichopasuka au kiungo kinachocheza. Usiiguse nguzo wala nyaya zake za kuishikilia. Iandike namba yake uwapigie TANESCO, maana ni hatari kwa watu kabla ya kuwa kero kwa redio. Na kama skana imekuwa kiziwi hata kwa ndege baada ya kufungwa ule waya, inawezekana umeme tuli umeunguza transista ya mlangoni. Hapo mpelekee fundi mwenye kuzoea vifaa vidogo vya juu ya bodi. Waya wowote wa nje uchomoe ukisikia radi, hata ya mbali, na usilale ukiwa umechomekwa. Kuhusu masafa yasiyo ya utangazaji, pamoja na hayo ya ndege, pita ofisi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uulize kinachoruhusiwa kwa mashine ya aina hiyo.

Anza na hatua ya 9 na swichi kuu, kesho jioni. Mbao za fremu zisubiri Jumamosi, na kapasita ikikusumbua kupata, niandikie namba zilizochapwa kwenye ile utakayoletewa nikupigie hesabu ya mizunguko upya.